MWIZI WA MATATU HAPANDI MATATU

Ukiniuliza mwizi wa matatu huketi kiti cha ngapi, nitakujibu kwamba aghalabu hana kiti. Hapandi kabisa. Yeye hubaki chini pale stejini akiangalia gari likiondoka, na wewe unaenda zako bila habari. Watu wengi husema "niliibiwa ndani ya matatu". Katika makala haya nataka kueleza ni kwa nini usemi huo mara nyingi si kweli, na ni kwa nini kuujua ukweli wake kunaweza kuokoa karo yako, simu yako, ama hata maisha ya mtu asiye na hatia.

Sisi wanafunzi wa shule za kutwa ni wateja wa kila siku wa magari haya. Wenzetu wa mabweni hupanda wakati wa kufungua na kufunga shule, lakini sisi asubuhi tumo, jioni tumo. Hapa mjini Meru utatupata Makutano au karibu na soko la Gakoromone mwendo wa saa kumi na moja unusu jioni. Likizoni mimi huenda kwa nyanya yangu upande wa Runyenjes, kwa hivyo steji ya Embu pia naifahamu vyema, na naweza kusema bila kusita kwamba mambo ni yale yale.

Hebu tazama hali ilivyo saa hiyo. Kina mama wametoka sokoni na vikapu, wafanyakazi wametoka kazini, wanafunzi wametoka shule, na giza linaanza kubisha hodi. Manamba wanaita, "Nkubu! Nkubu! Mmoja bado, mmoja twende!" na ukichungulia ndani utakuta abiria wanne tu, tena wawili kati yao si abiria. (Hao nitawarudia.) Gari jipya likiingia, hata kabla halijasimama, watu wameshalikimbilia. Basi hapo ndipo lilipo shamba la mchopozi.

Kazi yake haifanywi na mtu mmoja. Wao huja watatu au wanne, wamevaa nadhifu, na pengine mmoja ana koti mkononi ilhali hakuna baridi. Mlango wa matatu ya abiria 14 ni mwembamba, wa kupita mtu mmoja tu. Wa kwanza hutangulia mbele yako, na akifika kwenye ngazi anasimama ghafla kumuuliza makanga, "Hii inafika Chuka ama inaishia Nkubu?" Wa pili yuko nyuma yako, anakusukuma, "Siz, ingia basi, tunachelewa." Wewe umebanwa katikati, mikono yote miwili imeshika mlango na mzigo, na macho yanatafuta kiti. Wa tatu, yule mwenye koti, ndiye anayevuna. Kitu kikitoka mfukoni mwako hakikai naye hata nusu dakika. Humpa wa nne, ambaye hutembea polepole kuelekea sokoni kama mtu anayeenda kununua sukuma wiki. Halafu wa kwanza anashuka kwenye ngazi, "Ah, hii si yetu," na wote wanatoweka. Wewe umepata kiti cha dirishani na umefurahi. Unagundua mkiwa Gitimbine, makanga anapokugonga begani, "Nauli huko nyuma."

Hapo sasa kila mtu anamtazama jirani yake kwa jicho baya. Kijana aliyeketi karibu nawe, hasa akiwa na nywele za rasta au viatu vilivyochakaa, ndiye anayeshukiwa, na maskini hajui lolote. Mwenye kuiba yuko kilomita kadhaa nyuma anahesabu.

Sasa turudi kwa wale abiria wawili ambao si abiria. Kazi yao ni kuketi tu ili gari lionekane karibu kujaa, kwa sababu hakuna anayetaka kuingia gari tupu. Manamba huwapa kitu kidogo, na abiria wa kweli wakizidi wao hushuka mmoja mmoja. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki na hawana neno na mtu. Lakini tia akilini kwamba mtu anaposhuka gari likiwa limejaa, hakuna anayeangalia ameshuka na mfuko wa nani. Mzigo ulioweka chini ya kiti cha mbele unaweza kushuka naye. Kwa sababu hiyo nyanya yangu hupakata kikapu chake mapajani toka Embu hadi Runyenjes, hata kiwe na viazi vitupu. Tena yupo kondakta bandia. Huyu huingia gari likiwa bado stejini, anakusanya nauli kwa haraka huku akipiga kelele "tupatie za kubadilisha, tunaondoka," kisha anashuka kana kwamba anaenda kumwita dereva. Mkifika njiani kondakta wa haki anaanza kudai. Mtalia sana lakini mtalipa mara mbili.

Je, ilikuwa hivi tangu zamani? La. Jina lenyewe la matatu latokana na neno la Kikikuyu la tatu, kwa sababu nauli ya hapo mwanzo ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo yakaongezeka kama uyoga. Baba yangu husimulia kwamba walipokuwa vijana, katika miaka ya 1990, Nissan ilikuwa ikibeba watu ishirini na zaidi. Waliosimama waliinama kama watu wanaoingia pangoni, na wengine walining'inia mlangoni. Makanga alikuwa na neno moja tu, "Sambaza! Sambaza!" Wakati huo mchopozi alikuwa akipanda, tena kwa raha, kwa maana katika msongamano ule nani angejua mkono ulio mfukoni mwake ni wa nani?

Yaliyobadilisha hayo ni masharti yaliyotangazwa mwaka wa 2003 na Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, yakaanza kutekelezwa Februari 2004. Wazee wetu mpaka leo huyaita sheria za Michuki. Kila abiria alitakiwa awe na kiti na mkanda. Magari yaliwekewa kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, yakapakwa mstari wa manjano na kuandikwa njia yanayopita. Dereva alivaa sare ya samawati iliyoiva na kondakta sare ya rangi ya damu ya mzee, na wote wawili walitakiwa kuwa na beji yenye picha na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Kwa maoni yangu mkuu wa shabaha hapo alikuwa ajali, na wezi walikuja nyuma. Hata hivyo mchopozi alijeruhiwa vibaya. Abiria akiwa ameketi na kufunga mkanda, mwizi hana pa kujisugulia. Akalazimika kuhamia mlangoni na stejini, na huko ndiko aliko hadi sasa. Beji nayo ndiyo dawa ya kondakta bandia, ila ni wangapi kati yetu huiangalia kabla ya kutoa pesa? Mimi nimehesabu siku moja kwenye gari letu la asubuhi na sikumwona hata mmoja.

Baadaye Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, na kanuni za 2014 zikamtaka kila mwenye matatu awe ndani ya Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Jambo hili watu hulichukulia kuwa la matajiri, lakini linamhusu abiria sana. Zamani ukiibiwa ungemlilia nani? Leo ubavuni mwa gari pameandikwa jina la Sacco, na Sacco ina ofisi, na ofisi ina mwenyekiti. Pia hao wenyewe huwaandika majina abiria wa safari za mbali, na hilo nitalieleza mbele.

Kwa bahati mbaya sheria hulala mapema. Polisi wa trafiki wakishaondoka barabarani jioni, neno "sambaza" hufufuka. Na mwanafunzi ndiye wa kwanza kuambiwa, "Wewe simama hapo, unalipa nusu."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Shangazi yangu anauza ndizi sokoni. Mwaka jana mwezi wa tano alikuwa amekusanya shilingi 4,500 za karo ya binti yake, amezifunga kwenye leso na kuzitia kifuani kama wafanyavyo kina mama. Alipandia gari ambalo sitalitaja. Palikuwa na kusukumana mlangoni. Makanga alipodai nauli, leso haikuwepo. Alilia. Makanga akamwambia, "Mathe, mimi nataka nauli tu, hayo mengine ni ya polisi." Mzee mmoja ndiye aliyemlipia. Wengine walisema "pole mama", na mmoja akaongeza kwamba amshukuru Mungu hakukatwa kisu. Siku tatu baadaye jirani yetu akaja nyumbani kwa sauti ya chini na kumwambia, "Mama, mimi niliona. Yule mwenye jaketi la kijani." Alikuwa kwenye gari lile lile! Aliona mkono ukitoka na leso. Hakusema kitu. Binamu yangu alikaa nyumbani wiki mbili, akakosa mitihani ya katikati ya muhula.

Nyumbani kwetu kila mtu alimkasirikia jirani yule. Mimi nilitaka kujua sababu, nikawauliza watu: wanafunzi wenzangu, kina mama wa sokoni, na makanga wawili wa njia yetu ambao wamenizoea. Majibu yao ndiyo kiini cha makala haya.

Makanga wa kwanza alinijibu waziwazi: "Mimi nalala wapi? Hapa hapa. Yeye ananijua, anajua nikifunga kazi saa ngapi. Wewe abiria unashuka, mimi nabaki naye." Na kweli, kondakta na mchopozi wanafanya kazi kiwanja kimoja. Hatuwezi kusahau pia kwamba katika nchi yetu steji zimewahi kutawaliwa na magenge. Kundi la Mungiki, ambalo serikali ilipiga marufuku pamoja na mengine mwaka wa 2002, lilijulikana kwa kuwatoza wenye matatu pesa vituoni Nairobi na sehemu za kati, na waliokataa waliumizwa, wengine wakauawa. Mtu aliyeona hayo hufunza mdomo wake kunyamaza. Simtetei makanga anayegawana na mwizi, kwa maana wako pia wa namna hiyo, bali nasema si kila anayenyamaza ni mshirika.

Abiria wengine walisema ni haraka. Mtu akipiga kelele gari litachelewa, na kila mmoja ana lake. Hili nililitarajia.

Lakini mama mmoja anayeuza mboga alinipa jibu ambalo sikulitarajia hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, mimi nikisema mwizi, wewe unajua yatakayofuata?" Nikanyamaza, kwa sababu najua. Neno "mwizi!" likipigwa stejini jioni, hakuna anayeuliza ushahidi. Mawe yanatoka, tairi linatoka, petroli inatoka, na dakika kumi baadaye kuna mtu anayeungua, pengine kijana wa miaka yangu, pengine aliyeiba simu ya shilingi elfu tatu, pengine hakuiba chochote bali alikimbia kwa sababu aliona wengine wakikimbia. Mama yule aliwahi kuona, akasema tangu siku hiyo akiona mkono mfukoni mwa mtu, yeye hutazama kando. Hataki damu ya mtoto wa mwenzake.

Waama, hapa ndipo mchopozi alipojificha. Sisi abiria tumejiachia njia mbili tu, kunyamaza au kuua. Aliye na moyo wa huruma huchagua kunyamaza, na mwizi hulindwa na huruma hiyo hiyo.

Ipo njia ya tatu na sheria yenyewe imeiweka. Sheria ya taratibu za kesi za jinai, kifungu cha 34, humruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, na kifungu kinachofuata humtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumkabidhi, si kumpiga. Katiba ya 2010 nayo, ibara ya 50, yasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Wanaompiga mtu hadi akafa hushtakiwa kwa mauaji kama muuaji mwingine yeyote. Kwenye matatu njia hii hufanywa hivi: aliyeibiwa, au aliyeona, hamwambii umati wa nje. Humwambia dereva. Mlango hufungwa, hakuna anayeshuka, gari huenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi, na upekuzi hufanywa na polisi. Makanga wa pili niliyeongea naye ameyafanya haya mara mbili. Mara moja simu ilipatikana chini ya mkeka wa gari, mwenye kuitupa hakujulikana, lakini simu ilirudi kwa mwenyewe na hakuna aliyeumia. Abiria walinung'unika kwa kuchelewa dakika arobaini. Na wanung'unike.

Kama mwizi amebaki chini, kimbilia nambari na sura badala ya kumkimbilia yeye. Gari lilikuwa la nambari gani, la Sacco gani, saa ngapi, waliosukuma walivaaje. Ukienda kituoni uandikishe kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Kuandikishwa hakulipiwi. Ukiwa umejeruhiwa, omba fomu ya P3 ijazwe na daktari. Watu husema hakuna haja kwa sababu pesa hazirudi, na mara nyingi ni kweli hazirudi. Ila fikiria hivi: mtu mmoja akiripoti jaketi la kijani ni neno lake tu, na watu tisa wakiripoti jaketi la kijani Jumanne na Ijumaa, mlango ule ule, saa ile ile, hapo polisi wana la kufanyia kazi.

Sheria hutenganisha makosa, na ni vyema tuyajue. Kumchomolea mtu kitu mwilini mwake ni wizi ambao kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Lakini wakiwa wawili au zaidi na watumie nguvu au vitisho, au mmoja awe na silaha, au wamuumize mtu, hilo ni wizi wa mabavu, kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho hukumu yake ni kifo. Anayenunua simu akijua ni ya wizi, naye yuko kwenye hatari ya miaka 14. Hapa wanafunzi wenzangu nawaomba tusikilizane. Simu ya elfu kumi na tano inayouzwa elfu mbili nyuma ya kibanda imetoka wapi? Mchopozi hali simu. Anaiba kwa kuwa kuna mtu anayeingoja. Ukipiga *#06# kwenye simu yako utaona nambari yenye tarakimu 15. Iandike daftarini, kwa maana bila nambari hiyo ni vigumu kwa polisi kujua simu ile ni yako.

Simu ndiyo iliyochukua nafasi ya pochi. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wengi hawatembei na noti nyingi, na karo siku hizi hulipwa kwa simu au benki. Serikali ilijaribu mwaka wa 2014 kuyafanya matatu yote yapokee nauli kwa kadi, mpango ukakwama, na mwishowe watu wakajilipia wenyewe kwa simu. Lakini msimu wa bonasi ya majani chai, karibu mwezi wa kumi, na wiki ya kufungua shule, bado noti hutembea, na wachopozi wanazijua siku hizo kuliko wakulima. Kaa macho zaidi wakati huo. Ukiketi dirishani na gari limesimama stejini, funga kioo au weka simu mbali. Nambari yako ya siri usiibonyeze huku jirani akichungulia.

Sasa niseme jambo ambalo wasichana wenzangu huongea wakiwa peke yao. Kushikwashikwa. Makanga anaposaidia kukupandisha, mkono unapita mahali usipostahili kupita. Ukilalamika unaambiwa, "Kwani wewe ni malkia?" Ukinyamaza inakuwa desturi. Hili si mzaha, ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Septemba 2014, ndani ya basi huko Githurai, Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo kwa nguvu na kuporwa, na wengine wakapiga picha za video. Mwezi wa Novemba mwaka huo mamia ya wanawake waliandamana jijini Nairobi kupinga visa vya namna hiyo. Kabla mwaka haujaisha, sheria iliongezewa kifungu kinachosema anayemvua mtu nguo kwa nguvu afungwe kwa miaka isiyopungua kumi. Na Julai 2017 mahakama ya Nairobi iliwahukumu wanaume watatu wa kisa cha Githurai adhabu ya kifo kwa wizi wa mabavu. Mmoja alikuwa dereva wa basi lile, mwingine kondakta, wa tatu mfanyakazi wa kituo cha petroli. Ona basi: waliokuwa na beji ndio waliokuwa wakosaji. Kwa hivyo beji peke yake si ngao. Kinachobaki ni wale walioketi viti vingine. Msichana akilalamika na sauti tatu za nyuma zikasema "Mwache mtoto!", mkono ule hujirudi upesi. Nimeuona ukijirudi.

Safari za mbali zina hatari yake tofauti, na huko ndiko mwizi hupanda kweli. Kutoka Nairobi hadi Embu, Chuka, Meru au Maua ni saa nyingi, na mtu wa kiti cha pili anakuwa rafiki. Anakuuliza watoka wapi, anakutolea biskuti au soda. Ndani kuna dawa ya usingizi. Unaamshwa mwisho wa safari huna begi, huna simu, huna viatu. Wengine wamelazwa hospitalini siku nzima kabla ya kukumbuka majina yao. Wazazi hutufunza kwamba kukataa chakula ni kukosa adabu, na hilo ndilo mwizi hutumia. Sema, "Asante ndugu, nimekula sasa hivi," umemaliza bila kumkosea mtu. Kisha kuna kutekwa kwa gari usiku. Majambazi hupanda kama abiria, mmoja hapa, wawili pale mbele, na mahali penye giza hutoa silaha, humwamuru dereva aingie barabara ya vumbi na kuwapora wote. Ndio sababu Sacco nyingi za safari ndefu huandika jina na nambari ya simu ya kila abiria na hukataa kuokota watu njiani usiku. Abiria hukasirika, "Mbona mnapita watu na viti viko?" Sasa mnajua. Wanaopenda lifti za magari ya miraa yaendayo Nairobi sina la kuwaambia ila kwamba mwendo ule nao ni hatari kuliko mwizi. Na barabara yetu haina mchezo: Julai 2022 basi lililotoka Meru lilianguka kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa.

Nilipokuwa nikiandika sehemu hii, mwalimu wetu wa Kiswahili alinikumbusha kisa cha basi la Mandera. Ni mbali na kwetu, na wale hawakuwa wachopozi bali magaidi wa Al-Shabaab, lakini nimekiweka kwa sababu kinahusu abiria. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walisimamisha basi na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike, na wakawaambia magaidi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Watu wale hawakuwa ndugu. Walikuwa wamekata tikiti za basi moja tu. Nami najiuliza, ikiwa hao walisema mbele ya bunduki, sisi twashindwa kusema mbele ya mtu mwenye koti mkononi?

Nambari za kukumbuka ni 999 na 112 za polisi, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ya watoto. Zote hupigwa bila malipo.

Hapa shuleni, tangu muhula wa pili, wanachama wa Chama cha Kiswahili wanaopanda matatu hutoka langoni pamoja saa kumi na moja na robo, wa upande wa Nkubu na wa Makutano, na hatukimbilii gari la kwanza. Hungoja la pili. Wa mwisho kuingia huwa ni mvulana au msichana mkubwa aliyeangalia nyuma. Tunalo pia daftari. Anayeibiwa, anayeshikwashikwa au anayetozwa nauli mara mbili huandika nambari ya gari, saa na mlango wa steji, bila kuandika jina lake asipotaka. Hadi sasa kuna visa 19, na 11 kati yake ni vya kati ya saa kumi na moja unusu na saa kumi na mbili na robo, siku za soko. Mwalimu mlezi alipeleka nakala kwa Sacco moja. Mwenyekiti wake alizisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akazisoma tena, na akaomba aletewe daftari kila mwisho wa mwezi. La mwezi wa kumi tumeshalipeleka, na tangu hapo kuna mtu mmoja mwenye sare na beji anayesimama mlangoni jioni kupanga foleni. Foleni yenyewe bado ni ya watu kama sita hivi. Waliobaki wangali wanakimbia.